Daftari la fundi na kodi ya makadirio

Nashona nguo nyumbani, Morogoro, kwenye chumba cha mbele kinachotazama barabara. Wenzangu wa biashara za nyumbani, wa keki, wa sabuni, wa ubuyu, huniuliza sana: umeme, pango la nyumba, uzi, bando la simu, hivi vyote navitoaje kwenye kodi ya TRA, yaani Mamlaka ya Mapato? Wana haki ya kuuliza. Ila kwa wengi wetu, unafuu mkubwa hauko kwenye risiti ya umeme wa LUKU.

Mtu binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayavuki shilingi milioni 100, kwa kawaida hulipa kodi ya makadirio. Kodi hiyo inahesabiwa kwenye mauzo, faida haiulizwi. Uzi upande bei, cherehani iharibike, umeme ule nusu ya pesa ya mwezi, kodi inabaki pale pale. Kutoa gharama kwanza, halafu kodi ikatwe kwenye faida, ni utaratibu wa wanaoandaa hesabu kamili za mwaka. Huku kwetu, wenye mauzo madogo, kinachoshusha kodi ni kumbukumbu za mauzo.

Chukua viwango vilivyotumika mwaka 2023. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakuwa na kodi. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kwa hiyo fundi aliyeuza milioni 5 na ana daftari alilipa 30,000, na jirani yake aliyeuza kiasi hicho hicho bila daftari akalipa 100,000. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu alilipa 250,000. Mwenye nazo, 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Ukiuza milioni 9, hiyo ni 150,000. Laki nzima imebaki mfukoni kwa sababu ya kaunta buku na kalamu. Inaniuma kila nikiona mama mwenye mtaji mdogo anaitoa laki hiyo, tena huku mauzo yenyewe yamekadiriwa na mtu mwingine kwa kuwa yeye hana cha kuonyesha.

Daftari langu lina tarehe, jina la mteja, kazi, pesa iliyoingia, imeingiaje, na baki. Mteja akitanguliza 20,000 leo na kumalizia 15,000 wiki ijayo, ni mistari miwili, kila mmoja na tarehe yake. Naandika pesa ikiwa bado mkononi. Jioni kichwa kimechoka na watoto wanataka chakula, usitegemee kukumbuka.

Sehemu ya kuangalia sana kwa fundi ni kitambaa. Mteja akija na kitenge chake, mauzo yangu ni ufundi tu, tuseme 25,000. Nikinunua kitenge mwenyewe na kumuuzia gauni lililokamilika kwa 60,000, mauzo ni 60,000 yote, hata kama 30,000 imeishia dukani. Faida inakaribia kuwa ile ile, lakini mauzo yamezidi mara mbili, na kodi inafuata mauzo. Ndiyo maana kwenye sare za harusi, zile oda za watu kumi na tano kwa mpigo, nawaomba wanakamati wanunue vitambaa wenyewe. Naandika pembeni ya jina: "kitambaa chake". Maneno mawili hayo yanaeleza kwa nini bei ni ndogo.

Halafu simu. Kwenye simu ya mwanamke wa Kitanzania inapita pesa ya kila namna: malipo ya gauni, mchango wa msiba, zamu ya mchezo, marejesho ya kikoba, pesa ya mama ya dawa. Ukichapisha taarifa ya miamala ya mwaka mzima, vyote vinasomeka kuwa pesa imeingia. Nani atatenganisha miezi minane baadaye? Sajili laini ya biashara, wape wateja namba hiyo peke yake, na mambo ya ukoo yapite kwenye laini nyingine. Katika ushauri wote ninaotoa, huu ndio ninaousisitiza kuliko mwingine.

Gharama nazo naziandika, ukurasa wa kushoto, ingawa hazipunguzi kodi yangu kwa sasa. Bila hizo sijui kama gauni la 60,000 linanilisha au linanichosha bure. Na atakayevuka milioni 100 atazihitaji kweli, kwa sababu huko gharama inakubalika ikiwa ni ya biashara, na yenye uthibitisho.

Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mimi natenga kidogo kila Jumamosi nikifunga hesabu, awamu ikifika pesa ipo.

Kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa miaka mitano, na Kiswahili kinatosha. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi ya dukani, ni za karatasi inayofifia, hasa ikikaa karibu na pasi au dirishani. Hizo zitoe kopi mwezi huo huo, bana risiti na kopi yake pamoja, weka kwenye bahasha yenye jina la mwezi na mwaka. Ukikosa nafasi ya kwenda stationari, piga picha na uandike kwa kalamu, nyuma ya risiti, ulinunua nini na kwa shilingi ngapi.