Nilivyomfikisha mama Kilwa Kisiwani

Mama ana miaka 74 na goti la kushoto limemchosha. Bibi yake alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, na habari za Kilwa ametusimulia tangu tukiwa wadogo, lakini mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka Rufiji.

Safari ya kwanza niliiharibu mimi. Tulifika Kilwa Masoko, mji wa bara ambako mashua za kwenda kisiwani hutokea, kesho yake tukateremka pwani bila kuuliza habari za maji. Bahari ilikuwa imekupwa kabisa, mashua iko kule mbali, na njia ya kuifikia ni tope na mawe. Mama alitazama, akaniambia, "Turudi, mwanangu." Iliniuma sana.

Mara ya pili, kabla ya kukata tiketi ya basi nilimpigia simu nahodha mmoja. Aliniambia nisije siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. "Njooni wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Yanajaa kama saa nne asubuhi, na yakitoka hayaendi mbali." Nikapanga safari yote kwa maneno hayo. Tulifika siku mbili kabla ili mama apumzike, nikachukua kibali cha kutembelea magofu mapema palepale Masoko, nikatafuta mtembezaji, na kwa mama lishe nikaazima kiti cha plastiki chenye mikono.

Kiti hicho ndicho kilichotuokoa. Vijana wawili walimbeba mama mpaka ndani ya mashua, na upande wa pili wakamteremsha karibu na Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505, kisha Waomani wakaijenga upya. Hapo hatukukaa.

Alichokitaka mama ni Msikiti Mkuu. Ulianza karne ya 11 na ukapanuliwa karne ya 14. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika kisiwani mwaka 1331. Mama aliingia kwa miguu yake, taratibu, akiwa ameshika mkono wangu. Chini ya kuba akagusa nguzo, akakwangua kidogo kwa kidole. "Hii chokaa ya matumbawe," akasema. Baba yake alikuwa akichoma chokaa Bagamoyo, na mama akaanza kumweleza mtembezaji jinsi kuni zinavyopangwa, jinsi matumbawe yanavyowekwa juu, na kwa nini chokaa huachwa muda mrefu kabla ya kujengea. Yule kijana alisikiliza bila kumkatiza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo, na huyu ni mama yangu.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya mwamba unaotazama bahari. Kwa goti lile asingefika, kwa hiyo kiti kikarudi kazini, tukipumzika kila penye kivuli. Ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, enzi ambazo dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilipitia Kilwa. Tulimkalisha mama kando ya birika la pembe nane, akakaa kimya muda mrefu akitazama maji ya bahari kule chini. Kisha akaomba tumsomee Fatiha bibi yake. Tukasoma, na wabebaji wakainua mikono pamoja nasi.

Tulipokuwa tunarudi, katikati ya maji, alimgeukia nahodha.

"Baba, na kisiwa kile cha Songo Mnara nako huendwa maji mafu?"

"Ndiyo, mama. Ila kule ni mbali, tutatoka alfajiri."

"Mimi huamka alfajiri," akamjibu.