Tundu kwanza, rangi baadaye

Rubi za Winza zilipovuma mwaka 2008, kila kitu chekundu wilayani Mpwapwa kilipanda bei. Shanga za bibi mmoja marehemu, zilizokaa ndani ya kibuyu miaka na miaka, zilikumbwa na upepo huohuo. Dalali wa madini alitutangulia kufika, sisi tulioitwa kuzitambua, akatamka kwamba zile nyekundu ni mawe. Hiyo ilikuwa 2009, familia inagawana mirathi. Mama mkubwa, mtoto wa kwanza wa marehemu, alitandika mkeka barazani, akatusalimu "Mbukwenyi", akamwaga shanga kwenye ungo.

"Wanangu, bei sitaki kuisikia. Niambieni zimetengenezwa na nani, na lini."

Ushanga haulijibu swali hilo kirahisi. Bakuli la kioo la Kiingereza la karne ya 19 laweza kuwa na alama ya umbo la almasi chini yake, ile ya usajili wa muundo iliyotumika kuanzia 1842 hadi 1883: juu namba III ya Kirumi, maana yake kioo, na kwenye pembe herufi za mwaka na mwezi pamoja na tarehe. Kuanzia 1884 ikaja namba ya usajili. Mwenye bakuli husoma tu. Ushanga ni mdogo mno kubeba alama, kwa hiyo aliyeutengeneza hutafutwa kwa namna kioo kilivyoshikwa kikiwa bado cha moto, na ushahidi mwingi uko kwenye tundu. Watu huanza na rangi, wakapotea hapohapo. Nyeupe na buluu zilitoka Venice ya Italia, Bohemia (leo Ucheki), Ufaransa na India, na kila kiwanda kiliiga rangi ya mwenzake iliyouzika.

Vifaa vilikuwa lenzi ya mara 10 ya wanunuzi wa madini, karatasi nyeupe, brashi laini kavu, mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, na taa ya kukagulia noti tuliyoazima kwa mwenye duka la jumla. Ushanga unashikwa jua likiwa nyuma yake, unageuzwa polepole, na jicho linatafuta viputo vya hewa na michirizi.

Viputo vikiwa virefu na vimelala sambamba na tundu, ushanga huo ni wa kuvutwa. Bonge la kioo cha moto huachwa na hewa katikati, mafundi wawili hulishika huku na huku, kisha wanaachana mbio mpaka linakuwa mrija mrefu mwembamba unaokatwa vipande. Viputo na michirizi vikilizunguka tundu, kioo kilizungushwa juu ya kijiti cha chuma, ushanga mmoja baada ya mwingine. Ukiona mshono ubavuni, na tundu pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, hapo kioo kilibanwa ndani ya kalibu na kutobolewa kwa sindano, kazi iliyofanywa sana Bohemia, eneo la Jablonec.

Nyekundu ndizo zilizokuwa nyingi, za milimita 3 hadi 4. Zote zilikuwa na moyo mweupe: ukitazama mdomo wa tundu unaona duara jeupe, na nyekundu imelivaa kwa nje. Viputo vilikuwa virefu, vimefuata tundu. Dalali alisema ule weupe ni mwamba uliobaki. Ni maelezo ya mtu anayetaka kununua. Jiwe halioti likiuzunguka moyo mweupe wenye tundu katikati, tena likarudia hivyo mara mamia kwa unene uleule.

Hata hivyo mjomba alitaka kipimo, na kipimo kipo. Tulichukua shanga 40 nyekundu zilizokuwa zimeshachomoka kwenye uzi, tukazipima kavu: gramu 2.84. Kisha kikombe cha maji kiliwekwa juu ya mizani, mizani ikarudishwa sifuri, na shanga zikaning'inizwa ndani ya maji kwa uzi mwembamba wa kuvulia samaki bila kugusa chini wala ukingo. Mizani ikasoma 1.10, ambao ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya 2.84 kwa 1.10, unapata karibu 2.6, yaani shanga ni nzito mara 2.6 kuliko maji ya ujazo uleule. Kioo cha kawaida ni 2.5 au juu kidogo, chenye risasi nyingi hufika 3 na zaidi, rubi ni 4. Zingekuwa rubi, mizani ingesoma 0.71. Kosa la kawaida katika kipimo hiki ni hewa iliyonaswa ndani ya matundu: inasukuma maji ya ziada, na kioo kinaonekana chepesi kuliko kilivyo. Dawa yake ni tone la sabuni ya maji ndani ya kikombe na kuutikisa uzi mpaka viputo viache kupanda. Ushanga mmoja peke yake usipimwe hivyo. Ni mwepesi mno kwa mizani ya sonara. Dalali alikunja karatasi zake, ingawa hakuondoka.

Kingo za nyekundu zilikuwa laini, bila ncha za mkato. Hiyo ni kazi ya pili ya kiwandani: vipande vilivyokatwa huchanganywa na unga wa mkaa na chokaa ili matundu yasizibe, halafu huzungushwa kwenye moto mpaka kingo zilainike. Venice ilipata pipa la chuma la kuzungushia, la Luigi Pusinich, mwaka 1817, na tangu hapo shanga ndogo za mviringo zikatoka kwa wingi mkubwa. Kuvutwa, tabaka mbili, kingo laini: tukaandika Venice. Jina la karakana hatukuliandika, kwa sababu hakuna kitu kwenye ushanga wa namna hiyo kinachoweza kulithibitisha. Anayekutajia karakana kwa kutazama tu, mpe chai, usimpe hela.

Umri nao ulisomwa humohumo. Nyekundu za zamani zaidi ni za rangi ya tofali, zimevalishwa juu ya moyo wa kijani. Moyo mweupe ulishika nafasi yake kuanzia miaka ya 1830 hivi. Nyekundu angavu ilipatikana kwa dhahabu kidogo iliyoyeyushwa ndani ya kioo, na mwishoni mwa karne ya 19 ikaja seleniamu iliyo nafuu zaidi. Juani, ya dhahabu huelekea waridi, ya seleniamu huelekea chungwa. Jicho peke yake si ushahidi kamili, lakini kwenye uzi ule makundi mawili yalijitenga waziwazi. Uzi ulikuwa umeongezwa shanga baadaye.

Njano zenye pembe zilikuwa na mshono na tundu pana upande mmoja, kwa hiyo Bohemia. Tulijifunika kitenge gizani na kuwasha taa ya noti. Zikawaka kijani kibichi: kioo kina urani, rangi iliyopendwa Bohemia kuanzia miaka ya 1830. Taa za bei ndogo hutoa pia mwanga wa zambarau unaoonekana, nao unaweza kupotosha jicho hata gizani, kwa hiyo kinachotafutwa ni kijani chenyewe, si zambarau hiyo. Kioo chenye manganizi nacho hutoa kijani, ila hafifu.

Nyeupe ndizo zilizoanza kuitikisa hadithi ya nyumbani. Kila moja ilikuwa na mkanda mwembamba kiunoni, ncha moja laini na nyingine ya vinundu kama ganda la chungwa. Hizo ni za unga uliobanwa kwa mashine na kuchomwa, ziko karibu na kauri kuliko kioo. Hataza ya njia hiyo ni ya Richard Prosser, Uingereza, 1840, kwa ajili ya vifungo. Mwenye kiwanda Bapterosses wa Briare, Ufaransa, aliiboresha, na shanga zake zikaenea kuanzia miaka ya 1860. Mjomba alikuwa akisimulia kwamba uzi mzima ulitolewa kama hongo, yaani ushuru wa njia, na msafara uliojaza maji Mpwapwa kabla ya kuvuka nyika kame ya Marenga Mkali. Nyekundu za dhahabu zinaweza kabisa kuwa za hongo; samisami, ndilo jina la nyekundu hizo, ilitakiwa sana bara, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikwama. Lakini uzi hauwezi kuwa mkongwe kuliko ushanga wake mchanga kabisa. Seleniamu iliusogeza mpaka mwisho wa karne ya 19 au baada ya hapo. Mjomba hakupenda. Mama mkubwa alisema, "Basi mama aliuongeza mwenyewe," na kwa ushahidi uliokuwepo hilo ndilo jibu lililokaa vizuri zaidi.

Mjukuu mmoja alikuwa ameshaziosha za buluu kwa sabuni ya unga na limau zing'ae. Ukungu mweupe uliozifunika haukuwa uchafu, bali kioo chenyewe kilichoanza kuliwa: chumvi zake hutoka nje kwa unyevunyevu, na asidi huongeza kidonda. Pamoja na mafuta ya zamani liliondoka vumbi la miaka lililozionyesha alama za msuguano mdomoni mwa matundu, ambazo hutenganisha uchakavu wa miaka na ule wa kughushi. Uchakavu wa kweli haulingani pande zote. Unazidi pale shanga mbili zilipokuwa zikisagana. Wanaoghushi huzizika ardhini au kuzitia asidi, na zote zikachakaa sawasawa.

Kabla uzi haujakatwa kwa ajili ya mgao ulinyooshwa kando ya rula, ukapigwa picha, na mpangilio wa shanga ukaandikwa mmoja mmoja, kwa kuwa zikishachanganyika kwenye ungo hakuna lenzi itakayorudisha mpangilio huo. Karatasi ilisema: nyekundu, Venice, baada ya 1830; njano, Bohemia; nyeupe, Ufaransa au Bohemia, baada ya 1860; buluu, hazijatambuliwa, zisioshwe tena. Dalali aliuliza kama anaweza kuzipeleka nje ya nchi hivyohivyo zikiwa shanga. Tulimwonyesha Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwamba vitu vya kale vinavyolindwa na sheria hiyo havivuki mpaka bila kibali. Mama mkubwa aligawa katika vitambaa vitatu vya pamba, kila kimoja na nakala ya karatasi ndani.