Mlango ulikwaruzwa Mwanjelwa: hesabu niliyopiga kabla ya kugusa bima kubwa

Gari letu ni Toyota ya rangi ya fedha, lina bima kubwa, ile inayolipia hata uharibifu wa gari lako mwenyewe. Nilikuwa nimeliegesha Mwanjelwa, hapa Mbeya, toroli la viazi likapita limejaa pomoni na kulikwaruza mlango wa nyuma upande wa kushoto. Aliyekuwa analisukuma hakusimama. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumdai. Ingekuwa bajaji au gari lingine, ningeita trafiki palepale, ningeingiza namba yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, kuona kama bima yake iko hai, na ningeanzia kwake. Hapa nilibaki na bima yangu na mfuko wangu.

Baba Neema alipouona ule mlango jioni hakutaka maneno mengi. "Mama Neema, hela yote ile tunayolipa kila mwaka ni ya nini? Piga simu waje watengeneze." Ana hoja, na wengi wangesema hivyo hivyo. Nilimwomba anipe nafasi nijue kwanza gharama halisi, maana simu ukishaipiga na fomu ukishaijaza, kuirudisha si rahisi.

Nilianza na mlango wenyewe. Asubuhi niliuosha, nikapitisha ukucha juu ya mkwaruzo taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sehemu kubwa ukucha ulipita bila kukwama. Nikamwagia maji, na mistari ile ikapotea machoni mpaka ilipokauka tena. Maana yake imekwaruzika klia tu, ile rangi angavu ya juu kabisa, na hapo polishi inatosha. Lakini karibu na kitasa palikuwa na kipande cha urefu wa kidole ambapo ukucha ulizama, na ndani ukaona bati linang'aa. Hapo ndipo penye kazi. Bati likiwa wazi, mvua zetu za kuanzia Novemba hazina huruma, kutu inaanzia pale na kutambaa chini ya rangi nzima. Ingekuwa bampa ya plastiki ningeweza hata kuacha mwaka mzima, maana plastiki haishiki kutu.

Kisha nikatafuta bei. Gereji kubwa, ya aina ambayo kampuni za bima huikubali, iliniambia shilingi 380,000 kwa kupaka mlango mzima na kulainisha rangi hadi kwenye fenda. Fundi rangi wa huku Soweto, ambaye kazi zake nimeziona kwenye magari ya majirani, alisema 170,000. Nilimuuliza kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo. Akaniambia, "Dada, mimi sipaki mlango wote. Napaka pale palipofika kwenye bati, nafifisha pembeni, halafu natandaza klia mlango wote. Huko kwingine napiga msasa wa maji namba 2000 na polishi."

Nikarudi kwenye mkataba wa bima, nikausoma neno kwa neno. Naomba kila mwenye bima kubwa afanye hivyo siku ambayo hana tatizo lolote, kwa sababu kila kampuni ina masharti yake. Wangu unasema katika kila dai mteja anachangia asilimia 10, na kiasi hicho kisipungue 250,000. Wakala anakiita eksesi. Kwa hiyo kwenye ile bei ya 380,000, mimi ningetoa 250,000 na kampuni ingetoa 130,000. Kwa bei ya fundi wa Soweto kampuni isingetoa hata senti, kwa kuwa gharama yote iko chini ya eksesi.

Hiyo 130,000 nayo haiji bure. Gari tumelikatia bima kwa thamani ya milioni 14, kwa asilimia 4, ambayo ni 560,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 660,800. Tusipodai kitu mwaka mzima, tunapunguziwa asilimia 10 tunapohuisha, na tunalipa 594,720. Tofauti ni 66,080, na tungeipoteza kwa dai moja la mkwaruzo. Toa hiyo kwenye 130,000, zinabaki 63,920. Kwa hela hiyo nitafute ripoti ya polisi, nimsubiri mkaguzi wa kampuni, nisubiri idhini, na gari lilale gereji wakati ndilo linalopeleka watoto shule. Na bado ningekuwa nimetoa 250,000 mfukoni, 80,000 zaidi ya anayotaka fundi.

Niliziandika namba zote kwenye karatasi moja, nikamwekea Baba Neema mezani. Alizipitia mara mbili, akauliza kuhusu ile asilimia 10 ya punguzo, kisha akasema sawa. Tukakubaliana pia kwamba bima kubwa tuliikata kwa ajili ya barabara ya TANZAM, kwa ajili ya malori yanayokatika breki pale Iwambi na Inyala, ambako ukigongwa huulizi habari ya rangi. Siku hiyo nitadai bila kusita hata dakika moja.

Wakala nilimpigia hata hivyo, kwa sababu mkataba unataka nitoe taarifa ya tukio lolote. Nilimuuliza waziwazi kama taarifa inahesabiwa kuwa dai. Akasema hapana, nami nikamwomba aniandikie. Akaniandikia ujumbe, ninao mpaka leo.

Kazi yenyewe niliisimamia. Kitu cha kwanza fundi alichofungua ni boneti, akafuta vumbi kwenye kibati cha kiwandani kilichopo ndani, akanionesha namba ya rangi: 1F7. Hiyo ndiyo anayompelekea mchanganyaji. Lakini hakuiamini peke yake, kwa kuwa rangi ya gari hupauka kwa jua. Alipuliza kidogo kwenye kipande cha boksi, akakiacha kikauke, akakishika juu ya mlango kule nje juani, akakigeuza huku na huku. Rangi ya fedha ina chembe za alumini, ukiitazama kwa pembe tofauti inabadilika, kwa hiyo ikikosewa kidogo tu mlango mmoja utaonekana kama umetoka gari lingine. Akaagiza ikorogwe upya. Hapo nilijua nimempata mtu sahihi. Ilikuwa Julai, na baridi ya Mbeya ya asubuhi mnaijua, hakupuliza kitu mpaka jua lilipopanda na bati likapata joto, akieleza kuwa ubaridi na unyevu huifanya klia iwe na ukungu.

Baada ya kazi nilipiga picha mlango kila upande, zikionesha tarehe, na risiti nimeihifadhi pamoja na mkataba. Ni kwa sababu mkaguzi akija siku ya ajali kubwa huwa anatenganisha uharibifu mpya na wa zamani, na ule wa zamani anaukata kwenye malipo. Mkwaruzo ulioachwa bila kutengenezwa ungenifuata mpaka huko.

Kama bati lingekuwa limebonyea hadi kwenye nguzo ya mlango, au rangi ingekuwa ile nyeupe ya lulu inayopakwa tabaka tatu, bei ingepanda sana na hesabu ingegeuka. Kwa eksesi yangu na punguzo ninalopata, dai likianzia kama laki saba hivi nakaa kulifikiria kwa uzito. Likipita milioni, najaza fomu.