Nilivyoanza kutia saini matangazo ya chama

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Newala. Msimu mmoja, barua pepe yenye jina langu iliwafikia makatibu wa matawi ikitaja siku ya kupokea korosho ghalani. Sikuiandika mimi. Watu wakafika na magunia, wakakuta kufuli. Mzee mmoja alilala hapo hapo nje, mvua ikamkuta, na korosho ikilowa inashuka daraja. Iliniuma sana.

Kumbe sehemu ya mtumaji mtu huandika jina alitakalo, kama nyuma ya bahasha.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta Mtwara mjini akaniambia, "Mjomba, tia saini ya kidijitali." Nikadhani ni picha ya saini yangu. Akakataa: picha mtu anaikata na kuibandika kwingine. Akaniwekea GnuPG, programu ya bure iliyofuata njia ya PGP, programu ya kuficha na kusaini barua aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991. Unapata funguo mbili. Wa siri unabaki kwako na ndio unaotia saini, wa wazi unawagawia watu wahakikie. Ukibadilisha hata mkato mmoja baada ya kusaini, uhakiki unakataa. Tangazo lenyewe halifichwi, kila mtu analisoma.

Kazi kubwa ilikuwa kuwahakikishia wenzangu kwamba ufunguo ni wangu kweli. Kila ufunguo una alama yake ya utambulisho, wangu una tarakimu na herufi 40. Wengi niliwasomea kikaoni, ana kwa ana. Mama mhasibu wa Kitangari hakuweza kuja, nikampigia simu.

"D ya dada?"

"Hapana mama, B ya bibi."

Mtandao ukakatika tukiwa katikati. Tukaanza upya: A ya asali, C ya chai, E ya embe, F ya fundi. Alizoandika zikalingana zote na alizoziona kwenye kompyuta yake.

Tangazo la kwanza likagoma katika matawi matatu. Nilikuwa nimelipamba kwa rangi, na programu ya barua ikakata mistari mirefu ilipotuma. Ndipo tukakubaliana: maandishi matupu, saini iwe kitu cha mwisho, anayetaka kulipeleka WhatsApp apeleke faili zima bila kuligusa, na lisilo na saini lisisomwe mbele ya wanachama. Hati ya kubatilisha ufunguo, endapo kompyuta itaibwa, niliichapisha nikaifungia sandukuni pamoja na stakabadhi za ghala.

Siku moja nikiwa Masasi, nilituma mabadiliko ya siku ya malipo kwa simu, haraka haraka. Dakika chache tu, mama mhasibu akapiga.

"Katibu, hii haina saini. Sijaisoma kwa mtu."

"Shikamoo mama. Ni yangu."

"Marahaba. Basi isaini."

Nikarudi Newala jioni ile, nikafungua kompyuta, nikaisaini na kuituma upya.