Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani wa Ngamiani na zafa ya jioni

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana imenikuta macho. Leo ni tarehe 11 Mfungo Sita, mwezi wa Kiislamu wa Maulidi, siku ya kazi kama nyingine, maana mapumziko ya Maulidi ni kesho. Lakini jioni hii, baada ya Alasiri, zafa, yaani maandamano ya kaswida ya watoto wa madrasa, inapita mbele ya baraza yetu hapa Ngamiani, Tanga, na kanzu tisa bado hazina vifungo. Kila mwaka ndiyo hali. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Maulidi hurudi nyuma kama siku kumi na moja, na wazazi wanaofuata kalenda ya ukutani hushtukia zimebaki siku tatu ndipo wanakuja mbio na vitambaa.

Saa moja nikatoa cherehani barazani. Ni ya kukanyaga. Umeme ukatike usikatike, naendelea kushona.

Saa tatu akaja bibi mmoja, amekumbatia mfuko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nina mjukuu wa miaka minane, anapiga dufu leo. Nimekuja na hii."

Akatoa kanzu ya mtu mzima, rangi ya maziwa, imepigwa pasi ikakunjwa vizuri, inanukia udi. Ya marehemu mumewe. Darizi ya shingoni ilishonwa kwa mkono, kwa uzi wa hariri, mishono midogo kama punje za ufuta. Siku hizi kazi ile huipati kirahisi.

"Kata utakavyo," akaniambia, "ila shingo usiiguse."

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Shingo ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka minane huteremka mabegani. Sikuikata. Nilikunja pande mbili nyuma ya kisogo, nikazishikiza kwa ndani, darizi yote ikabaki mbele kama ilivyokuwa. Mikono nikaipunguza, ubavuni nikapitisha mshono mpya. Chini nikaacha upindo mpana wa vidole vinne, ili mtoto akirefuka ufumuliwe. Saa mbili nzima kwa kanzu moja, na wateja wengine wamesimama. Sijutii hata dakika moja.

Mchana nilikula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, nikarudi kwenye vifungo.

Saa nane mashoga zangu wakaingia uani. Tulikuwa tumechanga: huyu mchele kilo nne, yule nyama kilo mbili, mwingine viungo na mafuta, na wa Makorora akaja na kapu la machungwa ya Muheza. Mimi fungu langu ni kuni na sufuria kubwa ya marehemu mama. Pilau haitaki haraka. Vitunguu vinakaangwa mpaka viwe kahawia iliyoiva. Ukivitoa vikiwa vyekundu tu, pilau inatoka imepauka. Kisha kitunguu saumu na tangawizi, kisha bizari nyembamba, mdalasini, hiliki, karafuu na pilipili manga, halafu nyama na supu yake. Mchele ukikauka maji, kuni zinavutwa nje na makaa yanapangwa juu ya mfuniko. Harufu ilifika barabarani, majirani wakaanza kupiga hodi bila sababu.

Saa kumi na nusu tukasikia madufu.

Mitaa yetu ina namba, barabara ya 8, ya 9, ya 10, na zafa ikikata kona unaijua iko wapi kwa sauti. Mbele bendera za kijani, nyuma yake wasichana na hijabu nyeupe, kisha wavulana kwa safu wanayumba pamoja kulia na kushoto, kaswida imekolea. Chetezo cha udi mkononi mwa mtu mzima, na mama mmoja ana mrashi, anawanyunyizia marashi ya waridi. Nilizitambua kanzu zangu moja moja: ile kifungo cha tatu, ile mfuko wa kushoto. Mwishoni mwa safu ya pili akapita mjukuu wa bibi, amekaza macho kwenye dufu lake, darizi imekaa sawasawa shingoni. Bibi alikuwa amesimama pembeni yangu. Alinishika mkono, akaufinya, hakusema neno mpaka zafa ikaisha kupita.

Baada ya Magharibi tukatandika mikeka. Sinia moja watu wanne, kachumbari pembeni, na ukoko ukagawiwa watoto waliokuwa wakiusubiri tangu jioni. Bibi tulimkalisha nasi. Alikula kidogo, akanawa, akaniuliza:

"Vile vipande ulivyokata viko wapi?"

Nilikuwa nimeviweka kwenye droo ya cherehani. Nikamletea. Akavipanga juu ya goti, akavifunga kwenye pindo la khanga yake, tukainuka pamoja kwenda madrasa kusikiliza Maulidi.