Taa imewaka baada ya kubadilisha filta ya dizeli? Filta usiirudishe kwanza

Filta zinazorudishwa dukani kwangu zinakuja bado zinachuruzika dizeli, zimeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni, na maneno ni yale yale: "Mama, hii ni feki. Nimeifunga tu, taa ikawaka." Nauza spea Mwanjelwa, Mbeya, na tuna kenta, lori dogo, mimi na kaka yangu, kwa hiyo kesi hii naijua kwa kuuza na kwa kuendesha biashara. Nyingi ya filta hizo hazina kosa lolote. Zimeshikwa kwa sababu ndizo zilizoguswa mwisho.

Tuanze na taa yenyewe, ile ya kuonya kwamba kuna maji kwenye dizeli. Kwenye dashibodi ni ile alama ya filta yenye matone au mawimbi chini yake. Haijui kama filta ni mpya au ya zamani. Haijui upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Haijui kama dizeli imechakachuliwa kwa mafuta ya taa. Kwenye gari la zamani lisilo na kompyuta inajua jambo moja tu: boya lililomo ndani ya kikombe cha chini ya filta limepanda au limeshuka.

Aliyelibuni boya hilo alikuwa na akili. Ni zito kuliko dizeli lakini jepesi kuliko maji. Lita moja ya dizeli ina gramu 830 hadi 850 hivi, ya maji ina 1,000, na boya limewekwa katikati hapo. Kikombe kikiwa na dizeli tupu, boya linazama na kutulia chini. Maji yakijikusanya, yanakaa chini ya dizeli kwa uzito wake, na boya linaelea juu yake na kupanda nayo. Ndani ya boya kuna sumaku. Ndani ya kijiti kinachopita katikati yake kuna swichi ndogo, na sumaku ikifika usawa wake swichi inajifunga, taa inawaka.

Sasa kenta yetu. Inapandisha mbolea Isyonje na Kikondo, inashuka na viazi.  Dereva ni mtoto wa kaka yangu. Mwezi wa saba alibadilisha filta kwenye gereji moja Uyole, filta niliyoitoa kwenye rafu yangu mwenyewe, na kabla hajafika mbali baada ya Igawilo simu ikaita.

"Shangazi, shikamoo. Taa ya maji imewaka na gari halivuti. Fundi nimempigia anasema ni hiyo filta uliyonipa."

"Marahaba. Lilianza kukosa nguvu kabla ya taa au baada?"

Kimya. Halafu: "Taa niliiona tangu gereji. Kukosa nguvu ni huku kwenye mlima."

Hilo jibu lilinitosha kumwambia ageuze gari. Taa ilikuwepo kabla ya shida ya nguvu, na taa ile haina habari na nguvu. Kwa hiyo tulikuwa na magonjwa mawili yaliyoingia siku moja, na mtu akiyatibu kama ugonjwa mmoja atanunua vitu hadi mfuko uishe.

Fundi alikuwa na dawa yake tayari: kukata waya wa taa. "Mama, magari yote ya huku tunayakata huo waya, yanatembea." Yanatembea, kweli. Nami ndiye ninayewauzia wenye magari hayo nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, kwa hiyo kibiashara ningemshangilia. Nozeli, na sehemu za pampu zinazosukuma dizeli, zinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Maji hayalainishi, yanaleta kutu. Bei ya kufungua pampu na kuipeleka kupimwa ukiilinganisha na ya filta, utaomba kiti. Nikamwomba fundi, kwa adabu, aache plaizi mezani.

Tulichofanya ni hiki. Swichi ya gari imewashwa, injini haijawaka, taa inawaka. Tukachomoa soketi ya waya chini ya kikombe. Taa ikazima. Hapo waya ukawa hauna kesi, maana kama ungekuwa umechubuka na kugusa bodi, taa ingebaki inawaka hata soketi ikiwa mkononi. Kosa limebaki ndani ya kikombe: ama maji ya kweli, ama boya linadanganya.

Tukakata chupa ya maji, tukafungua koki ya kikombe na kukinga. Ukikinga usitupe haraka, acha itulie. Maji yakiwemo yatashuka chini na utaona mstari kabisa, juu njano, chini kitu kingine. Yetu ilikuwa dizeli safi mwanzo mpaka mwisho. Na taa, ukirudisha soketi, inawaka.

Swichi ya boya ikafunguliwa kutoka kwenye kikombe. Boya limeganda juu ya kijiti, limeshikwa na utelezi mweusi kama masizi yaliyolowa. Utelezi huo unatokana na vijidudu vinavyoishi pale maji na dizeli vinapokutana, na kwenye tanki lililokaa na maji muda mrefu huwezi kuukosa. Lakini mbona boya halikuganda wiki iliyopita? Hapo ndipo nilipomuuliza fundi kikombe alikimwagaje. Alikigeuza mdomo chini, akakilaza kwenye kitambaa wakati anafungua filta mpya. Boya likateleza hadi juu ya kijiti na utelezi ukalishikilia. Alipokigeuza tena halikurudi. Ndiyo maana taa iliwaka siku ya filta mpya, na filta haikuhusika.

Mswaki wa zamani na dizeli safi vilitosha. Thina usiweke, inaweza kula plastiki. Boya likiwa safi linashuka lenyewe ukisimamisha swichi, na ukilipandisha kwa kidole huku soketi imechomekwa, taa iwake, ukiliachia, izime. Usiifunge kabla ya kufanya jaribio hilo, la sivyo utakuja kuifungua tena barabarani.

Taa ikalala. Gari likapelekwa kilima cha karibu na mbolea yake mgongoni, na halikuvuta.

Upepo sasa, na upepo una tabia moja inayowachanganya watu. Kwenye gari letu kikombe kiko upande wa kunyonya, yaani kati ya tanki na pampu inayovuta dizeli. Penye nafasi upande huo, dizeli haidondoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Utapita tochi chini ya gari na utaona pakavu, utaapa hakuna linapovuja. Ukiwa tambarare, injini inanyonya kidogo na hewa inayoingia haisumbui. Ukikanyaga mlimani na mzigo, inataka dizeli nyingi, mvuto unakuwa mkali, na viputo vinaingia kwa wingi. Upande wa baada ya pampu mambo yanageuka: huko dizeli inasukumwa, kwa hiyo penye nafasi utaona imelowa.

Kukisia hakuna haja. Tuliondoa kipande cha mpira unaokwenda kwenye pampu, tukaweka mpira mweupe unaoonyesha ndani, klipu zikakazwa, injini ikawashwa na kupigwa resi. Viputo vikapita vimefuatana. Chanzo kilikuwa oringi ya kikombe, ule mpira wa duara unaoziba: ilirudishwa ile ya zamani, imekauka na kupata bapa upande mmoja. Mpya ilikuwa bado imo ndani ya boksi, imejificha chini ya kikunjo cha karatasi. Nawaambia wateja kila siku, likung'ute boksi kabla ya kulitupa. Oringi ikapakwa dizeli, ikakaa, kikombe kikakazwa kwa mkono, nati ya kutolea upepo ikalegezwa na pampu ya mkono ikapigwa hadi dizeli ikatoka bila povu. Kijana akapanda Isyonje siku hiyo hiyo.

Haya nimeyasema kwa kenta ya zamani. Gari jipya lenye kompyuta usilifanyie hivyo kichwa kichwa. Kwenye baadhi yake kuchomoa soketi ndiko kunakowasha taa, na kwenye mengine taa hiyo hiyo inasema pia kwamba filta imeziba, au inataka kufutwa kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Mfumo wao unasukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000, hivyo kauchafu kadogo ni hasara kubwa. Wale wanaopenda kuijaza filta dizeli kabla ya kuifunga, acheni kumimina kwenye tundu la katikati. Hilo ni la kutokea. Unachomimina hapo kinaingia kwenye pampu bila kuchujwa. Piga pampu ya mkono, uchoke kidogo.

Na feki? Zipo, sitawadanganya. Ila ajabu yake ni kwamba mara nyingi feki haiwashi taa kabisa. Karatasi yake haitengi maji, yanapita moja kwa moja kwenda kwenye pampu, na dashibodi inabaki imetulia. Ukifunga filta nzuri baada ya kutumia mbovu muda mrefu, taa ikazima vizuri halafu ikawaka baada ya mwendo, hiyo inaweza kuwa kazi njema: inakamata maji ambayo mwenzake alikuwa anayaachia. Fungua koki ya kikombe, kisha ya tanki, asubuhi kabla ya kuwasha, wakati maji yametulia chini.

Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba maji hayo hata si lazima uuziwe. Tanki likilala nusu usiku wa baridi, unyevu wa hewa iliyomo unageuka matone kwenye ukuta wa bati na kuteremka. Sisi tunajaza jioni gari likirudi, na dizeli ya madumu ya barabarani nimempiga marufuku kijana, hata akiwa na haraka.

Ukihitaji swichi au oringi, njoo na ile ya zamani mkononi, au piga picha soketi na upande wa nyuzi. Kuniambia "ya kenta" hakutoshi, zinatofautiana kwa mwaka na kwa injini, na ikishafungwa ikalowa dizeli mimi siipokei tena.