Geti langu la Bombo: kukagua chuma kabla hakijapakwa rangi

Mlango wa kwanza wa chuma niliowahi kununua ulinidumu misimu miwili tu ya mvua. Niliukuta umesimama kando ya barabara mjini Kampala, umepakwa rangi nyeusi inayong'aa, nikatoa pesa papo hapo. Mwaka wa pili, mvua za Machi zilipoanza, rangi ya chini ilivimba malengelenge. Nilipoikwangua kwa kisu, kilichodondoka ni puti, ile ya mafundi wanaonyoosha magari yaliyobonyea. Chini ya puti palikuwa na tundu ambalo njiti ya kiberiti iliingia hadi nusu. Aliyeutengeneza alishikiza vipande kwa nukta chache za moto, akaziba mapengo kwa puti, akapiga msasa, akapaka rangi.

Kwa hiyo mwaka jana, nilipotaka geti la nyumbani Bombo, mji wa kaskazini mwa Kampala, niliapa kwamba sitalipia tena chuma ambacho sijakiona kikiwa uchi.

Fundi niliyempata ni mzee aliyestaafu jeshi, Kiswahili chake kile cha kambini, na kazi ya kuchomelea aliijulia hukohuko. Kabla ya kuulizana bei nilimwomba anielekeze kwa watu aliowafanyia kazi zamani. Nilienda nyumba tatu. Geti lililo jipya halikunishughulisha. Nililoliendea ni lile la miaka 6. Nikapiga magoti, nikaangalia pembe za chini na bawaba, kwa sababu maji hutuama chini na uzito wote hubebwa na bawaba. Pembe zilikuwa nzima. Jioni hiyo nilikwenda kwake.

Makubaliano tuliyaandika kwenye daftari la shule la mwanangu: mabawa mawili, kila moja futi 5 kwa futi 7, bomba la mraba la milimita 40 kwa 40 lenye unene wa 1.5, bawaba tatu kila bawa, komeo mbili, rangi ya msingi kabla ya rangi ya juu. Vifaa nanunua mimi, yeye namlipa ufundi. Malipo yakagawanywa mara tatu: akishakata, geti likishasimama, na wiki moja baada ya hapo. Hilo la mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Wiki moja si kitu."

Kwenye kununua chuma ndiko nilikojifunza zaidi. Bomba la 1.2 na la 1.5 ukiyatazama kwa macho ni mapacha, na muuzaji anaweza kukuapia. Mzee akaniambia, "Usiniamini mimi wala muuzaji. Weka kwenye mizani." Duka la vifaa linalouza misumari kwa kilo halikosi mizani. Bomba zima la mita 6, la 40 kwa 40 lenye unene kamili wa 1.5, linakaribia kilo 11. La 1.2 halifiki 9. Duka la kwanza, bomba lililoandikwa 1.5 kwa chaki lilisoma kilo 8 na nusu. Sikugombana na mtu, nilishukuru nikatoka. Duka la pili lilisoma 10.8, nikachukua manne pamoja na mabamba matatu ya kufunikia.

Alikuja kufanyia kazi uani kwangu. Hapa niwatahadharishe wenye mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla: mashine ya kuchomelea inakula yuniti. Asubuhi mita ilisoma 31, jioni ikasoma 12, na kila alipogusisha kijiti kwenye chuma taa za ndani zilififia. Friji niliichomoa mapema. Gharama hiyo sikuwa nimeiandika daftarini, na kwa haki ilikuwa yangu.

Alianza kwa kushikiza tu, nukta moja kila pembe. Akanipa ncha ya tepu. "Shika kona ile." Tukapima kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine. Upande mmoja sentimita 263, wa pili 260. Kama kona zote za fremu ni pembe mraba, vipimo hivyo viwili lazima vilingane. Akagonga kona moja kwa nyundo, taratibu, tukapima tena hadi zote zikasoma 262 kasoro kidogo. Ndipo akaanza kuchomelea kikweli, na hakumaliza pembe moja akahamia ya jirani. Aliruka kwenda ya upande wa pili, akarudi. Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo. Akasema moto huvuta chuma, ukiukusanya sehemu moja fremu inapinda.

Kila mshono ulipopoa aligonga gamba jeusi la juu, likaruka vipande, na chini yake nikaona mawimbi madogo yamepangana kama magamba ya samaki ngege. Nilipitisha njiti yangu ya kiberiti kila pembe. Sehemu mbili iliingia. Nilizungushia chaki, naye bila kununa akazisaga kwa grinda akazirudia. Ncha za mabomba zilizobaki wazi alizifunga kwa vipande vya bamba, mvua isiingie ndani ikaozesha chuma pasipoonekana. Kisha nikamruhusu apake ile rangi nyekundu ya msingi.

Kosa langu moja linaniuma hadi leo. Watoto niliwafungia ndani, lakini mpwa wangu wa miaka 9 alikuwa dirishani akitazama ule mwanga. Mchana hakulalamika. Saa sita usiku aliamka analia kwamba macho yamejaa mchanga. Tulimfunika kitambaa cha maji baridi hadi kulipokucha, tukampeleka zahanati. Muuguzi alisema mwanga wa kuchomelea huunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Alipona baada ya siku mbili. Ukileta fundi nyumbani, funga na mapazia.

Geti lilisimama siku ya tatu. Kwa siku tano lilifunguka kwa kidole kimoja, halafu mvua ikanyesha usiku kucha, bawa la kulia likaanza kugusa ardhi. Nguzo ilikuwa imeinama kidogo. Mzee alikuja na timazi, akakata bawaba ya juu, akaipandisha na kuichomelea upya, akapaka rangi palipoungua. Nikampa fungu lake la mwisho palepale, na tukakubaliana grili za madirisha aanze mwezi unaofuata. Mabomba yake nimeshayapima.